Picha za Mahaba za Wafalme wa Kihindi: Je, Ni Hoja?

 

Tuchukulie Muislamu wa Nyololo, kando ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya, ametundika sebuleni kalenda yenye picha ya kale ya Kihindi: mwanamfalme amemkumbatia bibi barazani usiku, na mjakazi anawapepea. Akiulizwa, hujibu kwamba wafalme Waislamu ndio waliozichoresha.

Kitarikh, asemalo lina ukweli. Humayun alipotoka uhamishoni Uajemi aliwachukua wachoraji Mir Sayyid Ali na Abd al-Samad. Mwanawe Akbar (alitawala 1556–1605) akaanzisha karakana kubwa, na humo kikachorwa kisa cha Hamza kwa picha zipatazo 1,400. Mahaba yalichorwa kutokana na tungo za Nizami, kama Laila na Majnun. Zilikuwa picha ndogo za kitabuni, kwa brashi ya manyoya ya kindi, rangi za mawe na dhahabu.

Lakini tangu lini kitendo cha mfalme kikawa dalili ya sheria? Abu'l-Fazl amepokea kwamba Akbar alitetea uchoraji kwa kusema: mchoraji akimaliza viungo vyote huona hawezi kutia uhai, basi humkumbuka Mola wake. Ni neno tamu. Ila Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inachukua jambo hilo hilo, kushindwa kutia roho, na kulifanya ndiyo adhabu ya mchoraji Siku ya Kiyama. Baada ya nassi, rai ya mfalme haina nafasi.

Hatukatai kwamba ipo khitilafu. Al-Qasim bin Muhammad amepokewa kuruhusu picha isiyo na kivuli, na miongoni mwa Wamaliki wapo walioiona makruhu tu. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa Afrika Mashariki tunamtegemea, ameharamisha kuchora chenye roho, kiwe na kivuli au kisiwe nacho.

Na picha za mahaba zina jambo la ziada, nalo ni amri ya kuinamisha macho (24:30-31).

Zaidi ya hapo, nyingi zinazouzwa leo si za Waislamu kabisa. Zimetoka kwa watawala wa Kihindu wa Basohli, Kangra na kwingineko, na yule kijana mwenye ngozi ya buluu ni Krishna akiwa na Radha. Wenyewe wanamwabudu! Hapa suala limevuka mpaka wa uchoraji, na hata anayefuata rai ya al-Qasim hana pa kujishika.

Wazee wetu wa pwani walifanya biashara na Gujarat kwa karne nyingi, lakini milango ya Lamu na misahafu ya Siyu waliipamba kwa maua na majani. Ndivyo Ibn Abbas (r.a.) alivyomwelekeza mchoraji aliyemjia: achore miti na visivyo na roho. Mapenzi ya mume na mke waliyaweka katika maneno, kama Mwana Kupona alivyomuusia bintiye mwaka 1858.

Kuhusu kalenda, Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) alichukizwa, likakatwa, likafanywa mito ya kuegemea. Kwa hiyo kilichotundikwa kiteremshwe. Karatasi yake ikifunikia madaftari ya watoto, kichwa cha picha kikiwa kimekatwa, hakuna ubaya.