Kompyuta Imetoka kwa Fundi na Haiwaki: Fanya Haya Kabla ya Kulipa Tena

Siku hizi mkazi wa Kakamega hutegemea kompyuta kwa mambo mengi: kuwasilisha ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, kuomba nafasi ya chuo, kupata huduma za eCitizen, au kuendesha saiba inayolisha familia. Kwa hivyo kompyuta inapotoka kutengenezwa kisha ikakataa kuwaka, hasara si ya mashine tu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika. Fundi anapofungua kompyuta kubadilisha kifaa au kupangusa vumbi, hugusa nyaya na vifaa vingine. Kimoja kikibaki bila kukazwa sawasawa, kompyuta nzima hugoma. Na ikiwa iliwaka vizuri dukani mjini lakini haiwaki ulipofika nyumbani Shinyalu au Malava, shuku safari kwanza: mtikisiko wa bodaboda kwenye barabara mbovu waweza kulegeza kifaa kilichoshikizwa nusu.

Usalama kwanza

Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kufungua chochote. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hadi 15 ili umeme uliobaki ndani uishe. Gusa chuma cha kasha la kompyuta kabla ya kushika vifaa vya ndani, kwa sababu umeme tuli wa mwili unaweza kuviharibu. Usifungue kamwe kisanduku cha chuma kinachopokea umeme kutoka ukutani. Huweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Ikiwa betri ya kipakatalishi imevimba, usiibonyeze wala kuichaji. Mpelekee fundi.

Ikiwa haionyeshi dalili yoyote

Hakuna taa wala feni haizunguki? Jaribu soketi kwa taa au chaja ya simu. Kwenye kompyuta ya mezani, angalia swichi ndogo iliyo nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Mafundi huizima wanapofanya kazi na wakati mwingine husahau kuiwasha.

Kompyuta nyingine za zamani zina swichi ya pili, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hivyo swichi hiyo lazima isome 230. Ikisoma 115, usiwashe kompyuta hata kidogo, kwani italipuka ndani.

Yote yakiwa sawa, huenda fundi hakurudisha waya mwembamba wa kitufe cha kuwashia, au plagi pana ya umeme ya ubao mkuu haijaingia hadi mwisho.

Ikiwa feni inazunguka lakini skrini ni nyeusi

Hakikisha waya wa skrini umeingia vizuri. Kama kompyuta ina kadi ya picha ya kuongezwa, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye ubao mkuu.

Hapo vipande vya kumbukumbu, yaani RAM, ndivyo vya kushukiwa zaidi. Baada ya kukata umeme, vitoe na kuvirudisha, ukibonyeza hadi vishikizo vya pembeni vilie "ka". Vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja. Angalia pia plagi ndogo ya umeme iliyo karibu na prosesa, yenye pini 4 au 8. Isipochomekwa, feni huzunguka bila picha yoyote.

Ukisikia milio ya bip, hesabu ni mingapi na ni mirefu au mifupi, uandike. Milio hiyo humwambia fundi ni kifaa gani kina shida.

Ikiwa nembo inatokea kisha inakwama

Ujumbe ukisema hakuna diski ya kuwashia, kwanza toa flashi yoyote uliyoiacha imechomekwa. Kisha angalia nyaya za diski kuu.

Ikiwa fundi alibadilisha betri ndogo ya mviringo, ile ya volti 3 iandikwayo CR2032, kompyuta imesahau mipangilio yake. Ingia kwenye mipangilio ya mwanzo (mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete unapowasha), sahihisha tarehe na saa, na uchague diski kuu iwe ya kwanza. Tarehe ikiwa na makosa, hata kompyuta ikiwaka, tovuti nyingi zitakataa kufunguka.

Baada ya kubadilishwa ubao mkuu, Windows yaweza kudai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, nawe unaweza kuutafuta kwa simu. Bila ufunguo huo, faili zilizofungwa hazitasomeka.

Usikubali diski ifutwe haraka

Mtu akikuambia suluhisho ni kufuta diski na kuweka Windows upya, uliza kwanza kama faili zako zimenakiliwa. Kompyuta isiyoonyesha picha kabisa kwa kawaida haitaponywa kwa kufuta diski, ilhali vyeti, picha na hesabu za biashara vitapotea.

Ukirudi kwa fundi

Mweleze kinachotokea hatua kwa hatua. Omba risiti inayotaja kifaa kilichobadilishwa, kipindi cha dhamana na kifaa cha zamani. Kabla ya kuondoka, kompyuta iwashwe mbele yako, izimwe, iwashwe tena.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma zenye ubora unaofaa. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Huko, risiti yako ndiyo itakayokutetea.

Mwisho, kaunti yetu hupata radi nyingi. Mawingu yakitanda alasiri, chomoa kompyuta ukutani. Kuizima kwa kitufe pekee hakutoshi.