Steringi, adui na waliobaki katikati

Katika kibanda cha video Manzese, Dar es Salaam, mtazamaji aliyechelewa huuliza mambo mawili kabla hajapata pa kukaa: steringi nani, na adui nani? Akijibiwa, ameshaijua picha nzima. Steringi hafi. Adui atakiona cha moto mwishoni. Kama kuna kilichompita, mtafsiri atamkumbusha kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, kazi iliyompa umaarufu Derek Mukandala, yule watu waliyemwita Lufufu.

Mgawanyo huo una raha yake, lakini hautoshi. Chukua First Blood ya mwaka 1982, picha iliyomleta Rambo. Mkuu wa polisi wa mji mdogo anamkamata askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam, mtu aliyekuwa akipita zake, na kosa analombandika ni uzururaji. Mwenye sheria mkononi ndiye adui, na anayepambana na polisi ndiye steringi. Dar es Salaam hilo halihitaji tafsiri. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na ajira iliyotambulika walisombwa mitaani na kupelekwa vijijini. Wakazi wa mji huu wanajua kwamba mtu anaweza kukosana na sheria na bado akawa mwema.

Kuna mchezo uliolifanyia kazi jambo hilo. Dungeons & Dragons ulibuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na ukatolewa mwaka 1974. Watu wachache hukaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Mmoja ni msimulizi: anaeleza kijiji, pango, adui aliyejificha. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Anasema anataka kufanya nini, na jambo likiwa la kubahatisha, dadu huamua kama ataweza. Katika karatasi ya mhusika, pamoja na nguvu na silaha zake, huandikwa pia mwelekeo wake wa kimaadili.

Mwanzoni mielekeo ilikuwa mitatu tu: utaratibu, vurugu na katikati. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilikuwa na tisa, kwa kuwa vipimo vilikuwa viwili. Kipimo cha kwanza ni sheria: mtu huyu anaiheshimu, anaikaidi, au hajifungi na upande wowote? Cha pili ni utu: anawatakia wenzake heri, anawaangamiza kwa faida yake, au yuko katikati? Tatu mara tatu, visanduku tisa.

Wahusika wetu wanaingia humo bila kusukumwa. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea barazani kwa hoja, hatoroki wala hashiki silaha. Huyo ni mwema anayefuata sheria. Anayemshtaki ni Waziri Majivuno, anayesimama juu ya sheria hiyohiyo ili kulinda cheo chake. Huyo ni mwovu anayefuata sheria, na ndiye adui wa hatari kuliko jambazi, maana kila anachofanya kina muhuri. Abunuwasi, aliyelipa deni la harufu ya chakula kwa mlio wa sarafu ili kumwokoa maskini, ni mwema mkaidi. Sungura wa ngano ni mkaidi wa katikati: hana chuki na mtu, ana njaa. Zimwi halina sheria wala huruma.

Kwamba vipimo hivi ni viwili tofauti, Barabara ya Morogoro inathibitisha. Mfikirie machinga anayeuza viatu karibu na daraja la Manzese. Kabla ya Desemba 2018 mgambo angeweza kumkimbiza. Mwezi huo Rais John Magufuli akaanzisha vitambulisho vya shilingi 20,000, na biashara yake ikatambulika. Oktoba 2021 wamachinga wa Dar es Salaam wakaondolewa kandokando ya barabara, naye akawa mkosaji tena pale alipokuwa halali. Viatu ni vilevile, bei ni ileile, na uaminifu wake kwa wateja haukubadilika. Kilichosogea ni kipimo cha sheria peke yake.

Wanaoanza mchezo huu hukosea mahali pamoja. Huchagua ukaidi ili wapate ruhusa ya kuwaibia na kuwasaliti wenzao mezani, kisha hujitetea kwamba mhusika wao ndivyo alivyo. Mwelekeo hautoi ruhusa hiyo. Mtu hupimwa kwa anayoyatenda, na msimulizi makini humbadilishia mwelekeo mhusika anayejiita mwema huku akichoma vijiji. Toleo la zamani lilikuwa kali zaidi: aliyebadilika alishushwa ngazi.

Wapo pia wasioenea katika kisanduku chochote. Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 anawaunganisha watu kwa maji yasiyozuia risasi, na akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kutamka kuwa maji yale yalikuwa uongo. Waweke watu watano mezani, watampangia mahali patano. Mwandishi aliyeunda mhusika wa namna hiyo amefaulu.

Hata hivyo, visanduku tisa vinamfaa hata asiyecheza. Waandishi wa filamu zetu wamezoea kutupa mama mkwe mbaya tangu dakika ya kwanza na binti mwema asiye na doa. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, wajiulize maswali mawili juu ya kila mhusika: sheria gani anaiheshimu, na ni nani yuko tayari kumuumiza ili apate anachotaka? Jibu la kwanza likitosha kueleza la pili, mhusika huyo bado hajaiva.