Je, Wajua? Mbuzi, Sokwe na Simu Iliyo Mfukoni Mwako

Tangu simu zenye kamera zipande milima ya Buhigwe, kila kijiji kina wapiga picha wa ridhaa ambao hawajawahi kujiita hivyo. Kuna anayempiga ndama aliyezaliwa jana, kuna anayemvizia kinyonga kwenye mibuni, na kuna anayemsubiri mwewe ashuke juu ya vifaranga vya jirani. Haya ni yenu.

Jua la Buhigwe lina saa zake

Saa ya Tanzania imepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Buhigwe iko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo jua huku hufika utosini saa saba mchana, si saa sita, na Dar es Salaam inatutangulia kwa zaidi ya nusu saa. Vuka mpaka pale Manyovu uingie Burundi: saa inarudi nyuma kwa saa nzima, na jua ni lile lile!

Kwa mpiga picha hii ni neema. Ule mwanga mlaini wa rangi ya dhahabu, unaompendeza hata punda, huanza saa moja asubuhi, ukiwa umeshakunywa chai. Ila usizembee. Karibu na Ikweta jua hupanda wima, na baada ya nusu saa hivi mwanga huo umekwisha. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu kabisa ya kichwa chako. Mchana wa siku hizo mwache ng'ombe apumzike, maana macho yake yote yamezama kwenye kivuli cha paji lake.

Kuku ana kitulizo cha kamera shingoni

Mshike kuku mwilini kwa mikono miwili, kwa upole, kisha umsogeze kulia, kushoto, juu, chini. Mwili unakwenda, kichwa kinabaki pale pale hewani! Mwaka 2013 kampuni ya Mercedes-Benz ilitumia kuku wa namna hiyo kutangaza magari yake yasiyotikisika.

Hata akitembea uani mchezo ni huo huo. Kichwa hakitikisiki ovyo kama tunavyodhani. Husukumwa mbele ghafla, kikasimama tuli mpaka mwili ukifikie, kisha kikasukumwa tena. Mwaka 1978 mtafiti Barrie Frost wa Canada aliwatembeza njiwa juu ya mkanda unaorudi nyuma, ili watembee bila kwenda popote. Wakaacha kuchezesha vichwa, kwa kuwa mandhari mbele ya macho yao haikuwa inasogea. Kumbe ndege hutuliza kichwa ili picha anayoiona isiingie ukungu, jambo lile lile unalolitafuta wewe. Bonyeza kichwa kinaposimama, utapata jicho kali hata kama miguu imefifia.

Mbuzi ameshakuona

Chunguza jicho la mbuzi kwa karibu: mboni yake ni mstari uliolala. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Martin Banks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilinganisha macho ya aina 214 za wanyama wa nchi kavu. Wakaona kwamba wenye mboni iliyolala kwa kawaida ni walaji wa majani wanaowindwa, na kwamba mboni hiyo huwapa uwanja mpana wa kuona pembeni na hata nyuma.

Sasa sikia uhondo wenyewe. Mbuzi anapoinamisha kichwa kula, kila jicho huzunguka ndani ya tundu lake, hadi nyuzi 50 au zaidi, ili ule mstari ubaki sambamba na ardhi. Wewe unayemnyatia kwa nyuma na simu mkononi unajisumbua bure. Kaa chini mbele yake, mzoee, na yeye akuzoee.

Kwa nini macho ya komba yanawaka na ya sokwe hayawaki

Piga picha usiku kwa flashi: macho ya mbuzi, paka, ng'ombe na komba yatang'aa kana kwamba kuna taa ndani. Nyuma ya jicho lao kuna utando unaorudisha mwanga, ili mwanga kidogo wa usiku upite kwenye chembe za kuonea mara mbili. Sisi hatuna utando huo, na sokwe na tumbili nao hawana. Wekundu wa macho yetu kwenye picha za harusi ni rangi ya damu iliyo nyuma ya jicho.

Ukiangaza tochi mtini usiku ukaona vinukta viwili vinavyowaka vikirukaruka, huyo si mzimu. Ni komba.

Sokwe aliyefuata chikichi

Jane Goodall aliposhuka ufukweni Gombe kuwachunguza sokwe tarehe 14 Julai 1960, hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alikuwa mwanamke wa miaka 26 aliyesomea ukatibu, na mali yake kubwa pale msituni ilikuwa darubini na daftari. Sokwe walimkimbia. Akipanda kilima hiki, wao wanahamia kile.

Aliyefungua mlango ni dume mmoja mwenye mvi kidevuni, aliyempa jina David Greybeard. Alianza kuingia kambini kwa sababu hapo palikuwa na mchikichi ulioiva, na mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini. Alipomaliza chikichi akaona ndizi, akachukua nazo. Mwaka 1962 National Geographic wakamleta mpiga picha Hugo van Lawick, na Agosti 1963 makala ya Goodall ikatoka na picha, jina la Gombe likaenea dunia nzima. Kamera za van Lawick ziliwaonyesha watu kile ambacho Goodall alikuwa amekiona kwa macho yake Novemba 1960: sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti alichokiandaa mwenyewe. Hadi hapo wataalamu wengi waliamini kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Mbinu ya kujua mnyama anakula nini na wapi, ukawepo hapo kabla yake, inamfaa hata mwenye simu ya bei rahisi. Ya kugawa ndizi, hapana. Kulisha sokwe kulizidisha ugomvi kati yao, na leo hakuna mgeni anayeruhusiwa kufanya hivyo.

Mita 10, na barakoa usoni

Mafua yako yanaweza kumuua sokwe. Sisi na wao tunakaribiana sana kwa damu, na mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki na viungo vilivyopooza. Ndiyo maana ukienda Gombe au Mahale utaambiwa ubaki umbali wa mita 10, uzime flashi, na uvae barakoa. Flashi ya simu kwa umbali huo haifiki hata hivyo.

Mbuzi mweusi anapogeuka majivu

Kipima mwanga cha kamera kinadhani kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati. Kikiona mbuzi mweusi kinadhani kuna giza, kinaongeza mwanga, na mbuzi anatoka wa kijivu. Kikiona yangeyange mweupe kinapunguza, na ndege anatoka kama amelala jikoni. Kwenye simu nyingi dawa yake ni kugusa mnyama kwenye kioo, kisha kuteremsha kidole ili kupunguza mwanga kwa mweusi, au kukipandisha kwa mweupe.

Acha pembe, piga pua

Kila anayekutana na ng'ombe wa pembe ndefu wa jamii ya Ankole, wanaofugwa huku kwetu na Kagera, hukimbilia pembe. Ni haki yake: dume mmoja aliyeitwa Lurch, aliyefugwa Arkansas nchini Marekani, aliingia kwenye kitabu cha Guinness mwaka 2003 kwa pembe yenye mzingo wa sentimita 95.25. Ndani ya pembe hizo mna mishipa ya damu, na damu ikipita humo hupoteza joto.

Lakini picha yenye thamani zaidi iko chini, puani. Vijistari na vivimbe vya pua ya ng'ombe havifanani na vya mwingine yeyote, kama alama za vidole vyetu, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa Marekani walianza kuzitumia alama hizo tangu miaka ya 1920. Futa pua kwa kitambaa, piga picha kwa karibu pasipo jua kali, itunze. Siku ng'ombe wako akionekana kwenye zizi la mtu mwingine, utakuwa na neno la kusema.

Kima aliyesajiliwa kwa picha

Kwa desturi, mnyama mpya kwa sayansi husajiliwa kwa mzoga uliohifadhiwa makumbusho. Kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Ndundulu hapa Tanzania, alitangazwa kwenye jarida la Science mwaka 2005 kwa picha ya dume aliye hai! Wanasayansi walikuwa wamesikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa, waliomjua muda mrefu. Baadaye mmoja alipatikana amekufa kwenye mtego shambani, akapimwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923.

Mwaka huo huo wa 2005 kamera za mtego huko Udzungwa zilimnasa sange ambaye hakuna mtaalamu aliyemtambua. Mwaka 2008 akatangazwa kuwa aina mpya. Ana uzito wa gramu 700 hivi, jitu kati ya sange wenzake, na kamera ndiyo iliyomfichua.

Kinamasi kinachoizidi Burundi

Mashariki ya Kibondo na Kasulu maji ya Malagarasi na Muyovozi hutandaa kwenye ardhioevu ya takribani hekta milioni 3.25. Burundi nzima haifikii hekta milioni 2.8. Mwaka 2000 eneo hilo likawa la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya mkataba wa Ramsar.

Humo anaishi korongo-nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana ajabu na kimo kinachoweza kupita mita 1.2. Huwinda kwa kusimama, na anaweza kukaa muda mrefu bila kutikisa hata bawa. Shida yote iko kwenye kumfikia. Ukishafika, hujapata kumpiga picha ndege mwenye subira namna hiyo.

Wakati simba walipigwa picha kwa baruti ya mwanga

Mwanzoni mwa karne iliyopita Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za usiku za simba na fisi katika Tanganyika ya enzi za Wajerumani, akiwasha unga wa magnesi na kuwategea kwa ng'ombe na punda waliofungwa. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwashangaza watu wa Ulaya. Kamera na vioo vyake vizito vilisafiri juu ya vichwa vya wapagazi.

Nyani ashtakie picha yake?

Mwaka 2011 picha zilizopigwa na nyani mmoja wa Sulawesi, Indonesia, kwa kamera ya mpiga picha David Slater, zilisambaa duniani kote, na meno yake yote yakiwa nje. Kesi ikafika mahakamani Marekani: picha ni ya nani? Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema mnyama hawezi kushtaki akidai hakimiliki. Kwa hiyo tumbili wa Kasulu akikupora simu na kujipiga selfie, mwanasheria wake hana kesi.

Watu wa kawaida waliohesabu punda milia

Januari 2016 mamia ya wananchi kaskazini mwa Kenya walipewa kazi ya siku mbili: kila ukimwona punda milia wa Grevy, mpige picha ubavu wa kulia. Kwa kuwa milia ya kila mmoja ni yake peke yake, kompyuta ilitambua nani ni nani, na hesabu ikatoka zaidi ya 2,200.

Serengeti nako watafiti walitega kamera 225 kuanzia mwaka 2010, zikaleta mafungu ya picha milioni 1.2. Nani angezitazama zote? Walijitokeza zaidi ya watu 28,000 wa kujitolea kupitia intaneti, wasio wataalamu, wakataja mnyama mmoja mmoja. Majibu yao ya pamoja yalipolinganishwa na ya wataalamu, yalikubaliana kwa asilimia 96.6. Wanafunzi wetu wangefurahi kupata alama hizo.

Picha yako husema mahali ulipo

Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa. Kwa kuku si neno. Kwa kakakuona ni kumwelekeza jangili njia. Zima kipengele cha mahali kabla ya kurusha mtandaoni picha ya mnyama adimu. Mtandao wa iNaturalist, ambako watu wa kawaida wamepakia mamilioni ya picha za viumbe ili wenzao wawasaidie kuvitambua, huficha wenyewe mahali halisi pa wanyama walio hatarini. Kujiunga ni bure. Basi wewe wa Buhigwe, usisubiri tembo: mpakie yule kinyonga wa kwenye mbuni, na mjusi wa ukutani umpakie pia.