Je, Wajua? Makohozi yasiyokwisha kooni

Pua na njia za hewa hutengeneza takriban lita 1 ya ute kila siku, nasi huumeza bila kujua. Unaokukera kooni mara nyingi ni huohuo, ila umezidi au umekuwa mzito.

Kisugu, mtaa wa Makindye jijini Kampala, hauna uhaba wa vichokozi: moshi wa sigiri za makaa, vumbi la barabara, mafusho ya bodaboda. Pua ikichokozwa, ute hushuka kwa nyuma hadi kooni.

Chanzo kingine hushangaza wengi: tumbo. Asidi ikipanda usiku, koo hujikinga kwa ute, hata kama huhisi kiungulia. Anayekula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) saa nne usiku na kulala papo hapo ajiulize. (Sina ugomvi na rolex, ugomvi ni saa.) Acha muda wa saa 3 kati ya mlo na usingizi, na uinue upande wa kichwani wa kitanda.

Kujikohoza kila mara huchubua koo, nalo likatoa ute zaidi. Afadhali funda la maji. Kuosha pua kwa maji ya chumvi husaidia, mradi yamechemshwa na kupozwa. Maziwa hayaongezi ute, huufanya tu uhisiwe kuwa mzito.

Kikohozi kikifika wiki 2, au ukiona damu, jasho la usiku au kukonda, pima kifua kikuu. Mwenye VVU asingoje wiki hizo. Katika vituo vya serikali, kikiwemo cha Kisugu, vipimo na dawa zake ni bure.