Pipa kuukuu kuwa tanuri la samaki: uliza kwanza lilibeba nini

Msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bahari ya Kwale hutulia na vyombo hurudi vimejaa. Vanga, Shimoni, Gazi na Msambweni, siku ambayo vibua na jodari wanashushwa kwa wingi ndiyo siku ambayo bei nayo hushuka, kwa sababu samaki asiyepata barafu hamngoji mnunuzi. Masika yakiingia, tatizo hugeuka. Samaki huwa wachache, na wale walioanikwa hulowa chanjani badala ya kukauka.

Njia moja ya kuokoa mali hiyo ni kubanika samaki kwa moshi. Tanuri la kazi hii si lazima linunuliwe dukani. Fundi wa jua kali anaweza kulitengeneza kutokana na pipa la chuma la lita 200 lililokwisha kutumika. Lakini pipa lililochaguliwa vibaya linaweza kumlipukia fundi wakati wa kulikata, au likamlisha mteja sumu kidogo kidogo bila mtu kujua. Kwa hivyo swali la kwanza halihusu vipimo wala kuni. Swali la kwanza ni hili: pipa hili lilibeba nini?

Pipa la kuchukua na pipa la kuacha

Pipa linalofaa ni la chuma cha kawaida lililobeba chakula, kwa mfano mafuta ya kupikia au maji ya matunda, na ambalo muuzaji anaweza kuonyesha lebo yake. Muuzaji asipojua lilikotoka, na lebo iwe imebanduka, ni heri kutafuta jingine.

Mapipa yafuatayo yasitumike kwa chakula hata yakioshwa mara ngapi:

• Yaliyobeba dawa za wadudu au za magugu, rangi, tina, asidi au kemikali za viwandani.
• Yaliyobeba lami au oili chafu ya magari.
• Yaliyopakwa zinki, yaani yale yenye rangi ya kijivu inayong'aa kama bati jipya. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, baridi na maumivu ya kifua.

Pipa au tangi la petroli lina hatari ya peke yake. Watu wengi hudhani kuwa likishakuwa tupu limekuwa salama, kumbe ni kinyume. Lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, lakini lililo tupu lina mabaki machache chini na hewa tele juu yake. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hubaki ndani kwa muda mrefu hata kifuniko kikiwa wazi. Cheche moja ya grinda au ya mashine ya kuchomelea inatosha kulipua. Tangi la namna hiyo lisikatwe nyumbani. Mtungi wa gesi ya kupikia nao haukatwi kamwe. Urudishwe kwa muuzaji.

Hata pipa la mafuta ya kupikia likatwe kwa tahadhari, kwa sababu mabaki yake yakipashwa moto hutoa mvuke unaoweza kuwaka. Lioshwe kwanza kwa maji moto na sabuni, mara mbili au tatu. Kisha lilazwe, tundu lake likiwa upande wa juu, na lijazwe maji hadi yakaribie tundu hilo. Vifuniko vibaki wazi. Maji hufukuza mvuke na kupunguza nafasi ya hewa. Mkato wa kwanza ufanywe upande wa juu kwa tindo na nyundo, maji yakiwa bado ndani. Pipa likishafunguka na kukaushwa, kazi iliyobaki inaweza kufanywa kwa grinda. Fundi avae miwani ya kazi, glavu na viatu vilivyofunika vidole.

Umbo la tanuri

Pipa la kawaida la lita 200 lina kipenyo cha takriban sentimita 58 na urefu wa sentimita 88. Likilazwa na kuwekwa wavu katikati, hutoa nafasi ya karibu nusu mita mraba ya kupanga samaki. Huo ndio mwili wa tanuri.

Jambo muhimu katika umbo ni kwamba moto usikae chini ya samaki. Mafuta ya samaki yakidondokea makaa huungua na kutoa moshi mchafu wenye kemikali za kundi liitwalo PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Moshi huo hupanda moja kwa moja na kuganda kwenye chakula. Ndiyo maana tanuri zuri huwa na chumba cha moto pembeni.

Chumba cha moto kiwe karibu theluthi moja ya ukubwa wa chumba cha samaki. Kipande cha sentimita 30 kilichokatwa kutoka pipa la pili kina karibu lita 70, na kinatosha. Kifungwe upande mmoja wa pipa kubwa, chini kidogo, ili joto na moshi vipande kuingia ndani. Asiye na fundi wa kuchomelea anaweza kujenga chumba hicho kwa mawe na udongo, kisha akaegemeza pipa hapo.

Kutoka hapo kuna sehemu tano za kukumbuka:

1. Mlango. Ukatwe upande wa mbele juu, takriban sentimita 70 kwa 40. Bawaba zifungwe kabla kipande hakijakatika chote, ili mlango urudi mahali pake bila kupinda. Vipande vya bapa la chuma vikizunguka ukingo huzuia moshi kuvuja. Mshiko uwe wa mbao.

2. Kinga ya joto. Bamba la chuma liwekwe ndani, juu ya tundu la kuingizia moshi, ili samaki wa upande huo wasiungue wakati wa mwisho bado ni wabichi.

3. Trei ya mafuta. Bamba jingine lilale chini ya wavu, likiinama kidogo kuelekea tundu dogo lenye kopo nje. Mafuta yatiririke humo, si kwenye moto.

4. Wavu. Uwe wa nondo nyembamba za chuma cha kawaida au wa chuma kisichoshika kutu. Waya wa banda la kuku una zinki, kwa hivyo haufai kuwekwa chakula juu ya moto.

5. Hewa na dohani. Dohani ya kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 60 hadi 90 isimame upande ulio mbali na moto. Upande wa moto, matundu matatu ya sentimita 6 kila moja hutoa nafasi inayolingana na ya dohani. Yawekewe bati la kufungua na kufunga.

Sehemu ya tano ndiyo inayotawala ladha. Moto unaonyimwa hewa hutoa moshi mzito mweupe, na samaki hutoka mweusi na mchungu. Moto unaopumua hutoa moshi mwembamba, karibu wa samawati. Kwa hivyo dohani iachwe wazi wakati wote, na joto lipunguzwe au kuongezwa kwa matundu ya hewa upande wa moto.

Wazo la kutenganisha moto na samaki si geni Afrika. Kati ya 1969 na 1971 kule Ghana, tanuri la Chorkor lilibuniwa katika eneo la wavuvi la jina hilo jijini Accra ili kuwapunguzia akina mama kuni na moshi. Baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilishirikiana na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, kutengeneza tanuri la FTT, ambalo liliongeza trei ya kukusanya mafuta na chombo cha kutengenezea moshi kando. Soko nalo linafuatilia suala hili: tangu Septemba 2014, Umoja wa Ulaya hauruhusu samaki wa moshi mwenye zaidi ya mikrogramu 2 za benzopairini, mojawapo ya kemikali hizo za PAH, kwa kila kilo.

Moto wa kwanza usiwe na chakula

Mapipa mengi yana rangi nje, na mengine yana utando mwembamba ndani. Vyote viondolewe. Moto mkali uwashwe ndani ya pipa tupu, mahali pa wazi, mbali na watu na mifugo, hadi rangi na utando viungue. Kisha pipa lisuguliwe kwa brashi ya waya, lioshwe, likaushwe na kupakwa mafuta ya kupikia ndani. Moto wa kiasi uwashwe tena kwa saa mbili au tatu. Mafuta yatashika chuma na kukizuia kushika kutu.

Chuma cha pipa ni chembamba, takriban milimita 1, na hewa ya chumvi ya pwani hukila haraka. Majivu yatolewe baada ya kila kazi kwa sababu hunyonya unyevu na kuozesha chuma. Tanuri liwe chini ya paa la mabati. Lisiwekwe kamwe chini ya makuti wala karibu nayo, maana cheche moja ya upepo wa kusi inaweza kuteketeza nyumba nzima. Lisitumiwe pia ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua.

Kuni za kutumia

Kwale ina bahati ya kuni nzuri. Mvinje, mwembe na mkorosho uliokauka hutoa moto wa kudumu. Vifuu vya nazi hutoa makaa makali, na makumbi machache makavu huongeza moshi.

Maganda ya korosho yasichomwe. Yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake huwasha macho na koo. Mbao za mashua kuukuu zenye rangi au lami, nguzo zilizotiwa dawa na mbao za samani nazo zibaki nje ya tanuri. Mikoko haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Mikoko hiyo ndiyo mazalio na malezi ya samaki, na anayeikata ili abanike samaki wa leo anajinyima wa kesho.

Moshi hauponyi samaki aliyeoza

Samaki aingie kwenye tanuri akiwa mbichi na safi. Jodari, nguru na vibua wakiachwa juani hutengeneza sumu ya histamini, ambayo haiondolewi na moto wala moshi. Anayewala huweza kupata wekundu wa uso, upele, maumivu ya kichwa na kuhara.

Samaki apasuliwe, atolewe matumbo na matamvua, aoshwe, kisha alowekwe katika maji safi yenye gramu 100 za chumvi kwa kila lita, kwa dakika 30 hadi saa moja. Apanguswe na kuachwa penye upepo na kivuli, akikingwa na nzi, hadi ngozi ikauke na kunata kidogo. Aliyelowa hushika masizi.

Saa ya kwanza moto uwe mdogo ili maji yatoke. Kisha uongezwe hadi sehemu nene kabisa ya samaki ifikie nyuzi joto 63 na kubaki hapo kwa dakika 30. Kipimajoto cha jikoni ni chombo kidogo kinachookoa hasara kubwa. Anayekikosa aangalie nyama karibu na mfupa: iwe imebanduka na haina tena ule mng'ao wa ubichi.

Rangi ya dhahabu haimaanishi kuwa samaki atadumu. Aliyeiva lakini bado ni laini ni sawa na samaki aliyepikwa. Aliwe siku hiyo au awekwe kwenye jokofu. Anayekaa ni yule aliyeendelea kukaushwa hadi akawa mgumu. Kwa vyovyote apoe kabisa kabla ya kufungwa, kwa sababu akifungwa na joto hutoa jasho na kuota ukungu.

Kabla ya kuuza

Tanuri la matumizi ya nyumbani halina masharti mengi, lakini kuuza chakula kwa umma kuna utaratibu. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, kutoa leseni kwa biashara za chakula ni kazi ya serikali za kaunti. Anayenuia kuuza samaki wa moshi, akiwemo mama karanga anayetaka kuongeza bidhaa, afike kwanza kwa afisa wa afya ya umma aliye karibu ili aelezwe kuhusu ukaguzi wa mahali pa kazi na cheti cha afya cha anayeshika chakula. Ofisi ya uvuvi na Kikundi cha Usimamizi wa Ufuo (BMU) kitamweleza leseni za biashara ya samaki.

Kikundi kinachopanga kutengeneza tanuri kinashauriwa kumwita afisa huyo mapema, pipa likiwa bado halijakatwa. Akifika, aonyeshwe lebo. Kama lebo haipo na hakuna anayejua pipa lilibeba nini, basi jibu limeshapatikana: pipa hilo si la chakula.