Mimea ya Porini na Chakula (3): Viazi Visivyopandwa

Kiazi cha porini kikishachimbwa na kutenganishwa na shina lake, hupoteza karibu kila alama ya kukitambua. Rangi ya ganda, weupe wa ndani na umbo hubadilika kwa udongo na umri wa mmea, na mimea isiyo na undugu wowote huweza kutoa viazi vinavyofanana. Utambuzi wa kuaminika huanzia juu ya ardhi: shina, majani, ua na tunda, vikitazamwa kwa pamoja.

Mikoa ya Mtwara na Lindi ina mfano mzuri. Huko ming'oko, yaani viazi vya Dioscorea hirtiflora, huchimbwa porini, huchemshwa na kuuzwa. Mmea wake ni wa jamii ya viazi vikuu: shina jembamba linalozongomea miti, majani mazima yenye umbo la moyo, na mishipa mikuu ya jani inayoanzia pamoja penye kikonyo. Katika jamii hiyohiyo kuna Dioscorea dumetorum, unaoitwa ndiga katika sehemu kadhaa za Tanzania. Jani lake limegawanyika mara tatu na shina huwa na miiba. Kiazi chake kina dioscorini, sumu inayoshambulia mfumo wa fahamu na kuleta degedege. Hata hivyo kimeokoa watu wakati wa njaa, kwa sababu waliokijua walikikata vipande vyembamba, wakakiloweka kwa siku kadhaa katika maji yanayobadilishwa, kisha wakakipika. Asiyejifunza kazi hiyo kwa mtu aliyeizoea hana budi kukiacha.

Wa kuogopwa zaidi ni mkalamu, Gloriosa superba, unaoota vichakani na wakati mwingine hupandwa bustanini kwa uzuri wa maua yake mekundu na manjano yaliyojikunja kwenda juu. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa kikono kinachoshika matawi, na alama hiyo haipo kwenye viazi vikuu. Kiazi chake kimebeba kolkisini, ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Kutapika na kuhara huanza saa kadhaa baada ya kula. Siku ya pili au ya tatu sumu hufikia uboho, figo na moyo.

Ugumu wenyewe uko kwenye msimu. Viazi hivi hukomaa majani yanapokauka, hivyo wakati wa kuchimba ndio wakati ambao alama za utambuzi zimekwisha. Njia salama ni kuutambua mmea wakati wa mvua, ukiwa na majani na maua, kuweka alama mahali ulipo, na kurudi kiangazi. Shina kavu lisilojulikana lilikuwa na majani gani halifai kufuatwa.

Vipimo vinavyosifiwa mitaani havitoshi. Kuonja kidogo na kusubiri hakusaidii kwa sumu inayochelewa kama kolkisini. Uchungu nao si kipimo, kwani zipo sumu zisizo na ladha kali. Wala mnyama si shahidi: baadhi ya sungura wana kimeng'enya kinachovunja atropini, sumu inayoweza kumuua binadamu. Programu za simu zinazotambua mimea kwa picha zinafaa kuanzia uchunguzi, si kuumaliza.

Palipo na shaka, tawi lenye majani na maua, pamoja na kiazi chake, likandamizwe kati ya magazeti, likauke, lipelekwe kwa wataalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi wanahifadhi mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Aliyekwisha kula kiazi cha shaka apelekwe hospitali mara moja, kabla dalili hazijaanza, na mabaki ya kiazi na mmea wake yabebwe pamoja naye ili daktari ajue ni sumu gani anayopambana nayo.