Historia Ionekane kwa Macho

Ndugu mzazi, mwanao akikariri miaka ya historia kama kasuku, usidhani amekwisha kujifunza. Kusikia si kuona.

Tazama makumbusho ya Misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Humo mwanafunzi huiona minyororo ya watumwa. Mwalimu mwema hatahubiri hapo. Atauliza: Ilimfunga nani? Nani alipata faida? Watoto na wafikiri.

Tena watasikia kwamba mwezi wa Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo na Chuma, Susi na wenzao, waliouchukua kwa miguu kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Basi watajua kuwa historia ni ya wachukuzi pia, si ya wakubwa peke yao.

Je, kwenu ni mbali, na nauli hakuna? Anzeni shuleni. Chungu cha bibi, jembe la kale, ngoma iliyopasuka: viwekeni kabatini, mwandike kila kimoja kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Msivitupe, wala msimwuzie mchuuzi. Mwiteni mzee avieleze angali hai. Akiisha kuzikwa, mtamwuliza nani?